Turbo Mbili na Matikiti ya Joretta

Jumatatu, 8 Julai

Nimeamua. Mwaka huu Galen Toppe atajua hajui. Miaka sita mfululizo shemeji yangu huyu, kaka wa mke wangu, ameshinda mashindano ya kuvuta mzigo kwa pikapu za dizeli kwenye maonyesho ya kaunti. Miaka sita mfululizo mimi nimekaa jukwaani nikila vumbi lake kando ya mama mkwe, ambaye kila mara hunigeukia na kuniuliza kama nimeona. Nimeona, mama! Macho ninayo!

Siri ya Galen ni turbo moja kubwa. Basi. Ile feni ya chuma inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani. Hewa zaidi, dizeli zaidi, nguvu zaidi. Yeye anayo moja. Mimi nitafunga mbili. Hesabu hiyo hata kuku wangu wanaiweza.

Nimezipata, ndogo moja na kubwa moja, kwa Delmar Schwenk, muuza vipuri, ambaye pia ndiye mshika bendera wa mashindano. Aliniuliza kama Joretta anajua. Nikamwambia Joretta ni mke wangu, si mkaguzi wa magari. Akacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Kuna jambo dogo. Pikapu tunayo moja tu, na ndiyo inayovuta trela la matikiti. Shamba la matikiti ni la Joretta, eka zote zile za mchanga kando ya mto, na ndizo zinazotulisha mwaka mzima, hilo sibishi. Mnunuzi wa Indianapolis anangoja shehena ya kwanza Alhamisi tarehe 25. Mashindano ni Jumatano tarehe 24. Kwa hiyo nafasi ipo. Ipo tele!

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia Joretta. Si yote. Nimemwambia matikiti ya mwaka huu ni mazito, injini inapumua kwa shida, inahitaji msaada. Alikuwa anakata matango. Akaweka kisu chini. Akauliza msaada wa namna gani. Nikasema wa hewa.

"Lyndon," akasema, "mimi si mtoto. Mwaka juzi ulichokonoa trekta likiwa zima, tukachelewa kupanda. Mwaka jana pampu ya maji. Sasa sikiliza. Alhamisi ile asubuhi nataka nikute trela limefungwa na gari linanguruma. Nisipolikuta, nampigia kaka yangu, na mimi mwenyewe naondoka na matikiti yangu. Sitarudi hapa kukuomba hata chumvi."

Nikaweka mkono kifuani nikaahidi. Akanitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye matango yake. Nadhani tumeelewana.

Ila kunitajia kaka yake! Katika nyumba yangu!

Ijumaa, 12 Julai

Manifodi. Yaani yale mabomba sita yanayotoa moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye turbo. Manifodi ya kiwandani imetengenezwa kwa turbo moja, na mimi si mtu wa moja. Zinauzwa zilizo tayari, za chuma kizito. Galen alinunua yake. Bila shaka. Mtu asiye na mikono hununua.

Mimi nimetengeneza yangu. Kwenye zizi la zamani la baba mkwe, marehemu, kuna mabomba ya chuma kisichoshika kutu yaliyokuwa yanapitisha maziwa kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye tangi. Hakuna ng'ombe tena. Mabomba yamekaa tu yanang'aa bure. Zizi ni la Joretta na Galen kwa pamoja, lakini hawaendi huko, na kitu kisichotembelewa hakina mwenyewe. Nimeyakata yote. Nimeyakunja, nimeyachomelea. Mazuri ajabu!

Ni membamba kidogo. Nimelifikiria hilo. Lakini maziwa yalipita humo miaka thelathini na halikuvuja tone.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya kutamani ng'ombe wa jirani. Alikuwa ananitazama mimi. Ng'ombe wa Galen siwataki, hata nikipewa.

Baada ya ibada, chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa chini. Galen akaja na sahani yake ya tambi juu ya viazi vya kuponda, akakaa mbele yangu bila kuitwa. Akasema wamesikia msumeno wa chuma kutoka kwangu juma zima. Nikasema natengeneza geti. Akauliza, geti lenye mabomba sita? Watu wakacheka. Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa.

Nani amemwambia? Kikulacho ki nguoni mwako. Namshuku Delmar. Namshuku pia mke wa Mchungaji, anayepita barabara yetu kila siku akijifanya anatembeza mbwa.

Nimeondoka kabla ya keki. Ilikuwa keki ya pichi. Hilo nalo nimeliandika kwenye hesabu ya Galen.

Jumanne, 16 Julai

Nimeziba madirisha ya gereji kwa magunia ya chakula cha nguruwe. Kuna giza na joto humo ndani kama tumboni mwa oveni, lakini siri ni siri.

Galen kaja vilevile! Kapitia mlangoni. Ana kapu la mahindi mabichi, eti mkewe kayatuma. Kabla sijafunga boneti alikuwa ameshainama ndani. Kisha akasema, "Shemeji, umechomelea vizuri. Kweli kabisa."

Nikangoja sumu. Ikaja. Akasema turbo mbili ni mzigo, na mabomba yale ni ya maziwa, anayajua, aliyaosha utoto wake wote. Akasema turbo zisiachwe kuning'inia kwenye bomba, zishikiliwe kwa mkono wa chuma uliofungwa kwenye injini yenyewe. "Bila hivyo, zikipata moto zinakatika. Mimi ninao mmoja nyumbani umekaa tu. Kesho nakuletea."

Nimekaa nikachambua. Mshindani anamsaidia mshindani kwa nini? Hamsaidii! Kufunga mkono huo lazima nifungue kila kitu nilichofunga. Ningepoteza siku mbili. Ndicho anachotaka. Na asiyejua kupika hudhani kila chungu kitaungua.

Nilikula mahindi yake, lakini bila siagi, ili nisionekane nimefurahi.

Alhamisi, 18 Julai

Galen kaleta mkono wa chuma. Kaukabidhi kwa Joretta, si kwangu. Msaliti wa hali ya juu. Joretta kauweka juu ya benchi yangu na kuniuliza kama nitaufunga. Nikasema naam, kwa wakati wake. Akauliza wakati wake ni lini. Hawa watu wa ukoo wa Toppe wana maswali kama mahakama.

Joretta anashinda shambani sasa. Anagonga matikiti kwa kidole na kusikiliza. Anasema ya upande wa mto yameiva tayari, mengine yanafuata. Ameshapata wachumaji. Jumatano jioni trela litakuwa limejaa. Usoni amechoka, mgongo unamuuma, lakini alikuwa anaimba wakati wa kunawa mikono. Sijamsikia akiimba muda mrefu.

Ningependa aimbe nitakapompita kaka yake. Nimewaza sana jambo hilo.

Jumamosi, 20 Julai

INAWAKA!

Niligeuza ufunguo. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikaamka, na gereji nzima ikatikisika, spana zikaanguka ukutani zenyewe. Turbo ndogo inaanza, inalia juu kwa sauti nyembamba. Halafu kubwa inaiitikia kwa chini. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikatokwa na machozi. Ya moshi pia, lakini si yote.

Nikaipeleka barabarani. Nikakanyaga mafuta. Kichwa kikanigonga kwenye kiti! Mke wa Mchungaji na mbwa wake wakaruka mtaroni. Moshi mweusi uliotoka ulifunika nusu ya kijiji, na kwa bahati mbaya upepo ulikuwa unavuma kuelekea kamba ya nguo ya Joretta. Mashuka meupe. Yalikuwa meupe.

Alisimama katikati ya mashuka yale, akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo hewa niliyomwambia.

Nikasema ni mwanzo tu. Akasema, "Ndicho ninachokiogopa."

Jumatano, 24 Julai

Naandika haya nikiwa kwenye hema la huduma ya kwanza. Mkono umefungwa bandeji. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu, ili siku moja watu wajue ukweli.

Uwanja ulijaa. Harufu ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, watoto na ndama zao, mama mkwe jukwaani mstari wa mbele na kofia ya Galen kichwani. Joretta hakuja. Yuko shambani anapakia.

Tukachagua namba kwenye ndoo. Galen akatoa saba. Mimi nikatoa moja. Na hapa ndipo walipoanza kunionea.

Wa kwanza ndiye anayepima sleji. Sleji ni ule mtambo wa chuma unaofungwa kwa mnyororo nyuma ya gari: kadiri unavyouburuta, uzito wake unapanda mbele na kukukandamiza, mpaka gari lisimame lenyewe. Anayekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Lakini wa kwanza hajui uzito umewekwaje, hakuna ajuaye, kwa hiyo kanuni ni ya huruma. Waamuzi wakiridhika na sleji, wanamuuliza palepale, kabla mnyororo haujafunguliwa: unauchukua mvuto huu, au unaukataa na kuvuta tena mwishoni? Ukikataa, mvuto huo umekufa. Haurudi.

Nikavuta. Ee Mungu wangu, nilivuta! Gari liliinua pua. Turbo mbili zililia kama zilivyolia Jumamosi, mabomba ya maziwa yakawa mekundu kama makaa, na sleji ikanifuata kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Uwanja wote ulisimama. Futi mia mbili tisini na moja!

Delmar Schwenk akaja dirishani na bendera yake. Akasema waamuzi wameridhika, sleji inabaki ilivyo. Akaniuliza, nachukua au nakataa? Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema haruhusiwi kusema. Kisha akasema, "Lyndon, bwana, mtaka yote hukosa yote." Nikamuuliza na hayo nani kamruhusu kusema.

Nikatazama kando ya uwanja. Galen amesimama pale, amevua kofia, anapiga makofi. Anapiga makofi! Akanyanyua kidole gumba. Midomo yake niliisoma wazi: "Chukua! Chukua!"

Hapo nikajua. Galen anataka nichukue. Kwa nini? Kwa sababu anajua anaweza kupita mia mbili tisini na moja. Mtu anayeogopa hapigi makofi. Nilimsoma kama gazeti.

Nikasema nakataa.

Delmar aliniuliza mara ya pili. Nikasema nakataa! Kwa sauti, wasikie.

Wengine wakavuta. Mia mbili na arobaini. Mia mbili na sitini. Mmoja alikatika ekseli. Galen akaja, namba saba, na turbo yake moja ya dukani. Mia mbili themanini na saba.

Mia mbili themanini na saba.

Nimeliandika mara mbili kwa sababu linauma mara mbili. Alikuwa anapiga makofi kwa sababu nilikuwa nimemshinda. Ni mtu wa ajabu sana! Ni nani anayefanya hivyo? Mtu mwenye akili timamu angenuna, nami ningeelewa, na ningechukua. Amenidanganya kwa kusema kweli, na huo ndio udanganyifu mbaya kuliko wote.

Ikafika zamu yangu ya mwisho. Nikaikanyaga. Katikati ya uwanja kikasikika kishindo, boneti ikaruka kama mfuniko wa sufuria. Bomba la maziwa limekatika. Turbo kubwa ikaanguka na mrija wake wa oili, oili ikamwagika juu ya chuma chekundu, na moto ukawaka. Delmar akanyanyua bendera nyekundu. Bendera nyekundu ni amri ya kuzima injini. Niliiona. Lakini nilikuwa bado natembea! Injini bila oili inaweza kwenda sekunde chache, na mimi nilihitaji futi chache. Ilikuwa ni hesabu ya haki.

Haikwenda. Ikajikaza, ikapiga yowe, ikashikana ndani. Kimya. Kisha mama mkwe, nilimsikia waziwazi, akamuuliza jirani yake kama ameona.

Aliyefika kwanza na mtungi wa kuzimia moto ni Galen. Aliruka ukuta. Alinivuta dirishani kwa kola, tukaanguka wote kwenye matope. Akaniuliza kama niko mzima, akarudia na kurudia. Mbona alikuwa na mtungi karibu? Alijiandaa! Alijua!

Nimefutwa kwenye mashindano kwa kutotii bendera. Mnyororo wa trekta umeniburuta nje pamoja na gari langu. Watu walipiga makofi. Hayo nayo sijui yalikuwa ya namna gani.

Alhamisi, 25 Julai

Alfajiri Joretta alitoka nje. Trela limejaa hadi juu, matikiti ya kijani yamepangwa kwenye majani makavu kama mayai. Mbele ya trela, mahali pa gari, mimi.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilianza na suala la bahati nasibu kwenye ndoo. Hakunikatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, hadi kwenye udanganyifu wa makofi, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa umeshashinda?"

Nikasema kwa namna fulani.

"Ulikuwa umeshashinda, gari likiwa zima, na ungerudi nalo nyumbani jana."

Nikasema kwa namna fulani, ndiyo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaweka uso kwenye viganja, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nikataka kumshika bega, lakini mkono wenye bandeji ulikuwa na grisi. Akasimama, akampigia kaka yake. Galen alifika kabla kahawa haijachemka, akaunganisha trela kimya kimya, hata hakunicheka. Joretta akapanda mbele. Begi lake dogo alikuwa nalo. Sikujua kwamba alikuwa ameshalifunga tangu jana.

Walipokuwa wanaondoka, Galen akashusha kioo, akasema nikihitaji chochote nimpigie.

Sitampigia.

Jumapili, 28 Julai

Shehena ilifika salama. Mnunuzi ameomba nyingine mbili. Nimeyapata haya kwa Delmar, kwa sababu Joretta yuko kwa Galen na hajapiga simu.

Kanisani amekaa kwenye benchi la ukoo wa Toppe, kati ya mama yake na mke wa Galen. Mimi nimekaa peke yangu benchi letu, ambalo ni refu mno kwa mtu mmoja. Wakati wa wimbo wa mwisho niliisikia sauti yake kati ya sauti zote. Alikuwa anaimba vizuri. Iliniuma hapa, chini ya mbavu, na nikatoka kabla ya baraka.

Njiani nikaanza kufikiri. Kama turbo kubwa ingekuwa imekaa upande wa kushoto, uzito usingeangukia bomba la tatu.

Jumamosi, 3 Agosti

Joretta amekuja kuchukua vitu vyake. Galen alibaki ndani ya pikapu nje, kwa adabu zake hizo zinazokera. Amechukua nguo, mizani ya matikiti, sufuria za mama yake, picha ya baba yake. Alikuwa anatembea chumba hadi chumba bila haraka. Mwishoni akakaa jikoni mbele yangu, akaweka pete mezani, si kwa hasira.

Alisema hanichukii. Alisema ameishi na mimi muda mrefu akingoja zamu yake ifike, na kila mara kuna kitu kingine kinachotakiwa kufunguliwa kwanza. Alisema siku ile ya moto, walipompigia simu shambani, aliangusha tikiti mikononi na kukimbia hadi barabarani bila viatu, kabla hawajamwambia kwamba niko hai. "Nilikimbia, Lyndon. Halafu ukanisimulia habari za ndoo." Alisema kama ningemwambia neno moja tu asubuhi ile, lolote linalomhusu yeye, angeshuka kwenye gari la Galen.

Kisha akaniuliza, "Umenisikia hata kidogo?"

Nikasema nimemsikia. Na nilimsikia, kwa kiasi kikubwa. Ila wakati huohuo wazo lilikuwa limenijia, na wazo likija halina adabu ya kungoja: si mbili. Tatu! Turbo tatu zinagawana uzito. Mbili ndiyo iliyokuwa kosa. Nilitaka kumwambia, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia mambo, lakini uso wake haukuwa wa kuambiwa.

Aliniaga kwa kunigusa shavu. Nikamsindikiza hadi mlangoni. Galen alinipungia mkono. Sikumpungia.

Nyumba iko kimya mno. Niliosha kikombe alichonywea, nikakifuta, nikakirudisha. Sikujua niende chumba gani. Mwishowe nikaenda gereji, walikoiburuta pikapu, nikafungua silinda hedi, kile kichwa kizito cha chuma juu ya injini, na kwa kuwa benchi limejaa nikaibeba hadi jikoni, nikaiweka mezani. Pete niliisogeza pembeni, isiingie oili.

Imeenea vizuri kabisa, na taa ya jikoni ni nzuri kuliko ya gereji. Miaka yote hii tumekuwa tukiipoteza meza hii kwa kulia chakula.